Samaki Uani, Mama Edani

Mimi si mtu wa samaki. Samaki nawajua wakiwa wamepakwa nazi na ukwaju, wametulia sahanini, hawana la kuuliza. Kuwafuga, kuwabadilishia maji, kuwachungulia asubuhi kama wameamka salama, hayo niliyaona ni mambo ya watu wenye nafasi. Na mwaka ule, katikati ya miaka ya tisini, nafasi ndiyo kitu nilichokuwa sina kabisa.

Baba alikufa mwisho wa kaskazi, joto likiwa limeufunika Mji wa Kale kama kifuniko cha sufuria. Aliugua kifua kwa muda mfupi, akafa, tukamzika, watu wakaja matangani, wakala, wakaondoka. Kaka yangu alikuwa Uarabuni. Alipiga simu kwa jirani, akalia, akaniambia nimtunze mama, akakata. Mimi nilikuwa nikisomesha shule ya msingi kule Tudor, na nilikuwa nimerudi kukaa na wazazi tangu ndoa yangu iliponishinda. Matanga yalipoanuliwa nilirudi darasani, kwa sababu watoto wa watu hawangoji, na mama akabaki chumbani kukaa eda.

Mjane kwetu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki nje bila ya dharura, hajipambi, hajitii wanja wala manukato, haonekani na wanaume wasiokuwa maharimu zake, wale asioruhusiwa kuolewa nao. Wengi huivumilia. Wengine hata huipenda, maana ni mara yao ya kwanza maishani kuachwa wapumzike. Mama yangu hakuivumilia wala hakuipenda. Alikaa tu. Alikaa kitandani, mgongo ukutani, tasbihi mkononi, na kila sahani niliyompelekea niliikuta vilevile, wali umekauka juu. Nikimwambia, "Mama, kula japo matonge mawili," huitikia kwa kichwa. Sahani ikibaki pale, inabaki pale.

Wanawake waliokuja kumwangalia walinivuta ukumbini na kuninong'oneza. Mmoja alisema wazi kwamba watu waliozoeana vile hawaachani, kwamba mama atamfuata mumewe kabla eda haijaisha. Alisema kwa huruma, lakini nilitamani kumfungia mlango. Mimi ndiye niliyemvua mama nguo za kufua. Mimi ndiye niliyeona mabega yake yalivyobaki mifupa.

Siku moja alasiri nimerudi kutoka shule, miguu imevimba, nimekaa kizingitini pa chumba chake hata buibui sijavua, akasema bila ya kuniangalia:

"Kwetu birikani mlikuwa na samaki."

Nikainua kichwa. Nilikuwa sijasikia sauti yake siku nyingi ila katika sala.

"Wadogowadogo. Wala viluwiluwi vya mbu. Nikiamka hwenda kuwatizama kwanza, kabla ya kunawa uso."

Basi. Aliyezama hushika maji, na mimi nililishika neno lile hivyohivyo. Nyumba za kale zilikuwa na birika la mawe chooni, la kutawadhia na kuogea, na watu walikuwa wakitia samaki ndani yake ili mbu wasizae. Letu lilivunjwa zamani, baba alipotia mifereji na bafu la manyunyu, na mifereji yenyewe miaka ile ilikuwa mapambo tu ya ukuta. Ukiifungua hutoa upepo. Lakini uani, mbele ya mlango wa chumba cha mama, palikuwa na nafasi ya kutosha kitanda, na pembeni mawe ya ukuta ulioanguka. Nikamwita mjomba.

Mjomba, ndugu yake mama, alikuwa fundi wa nyumba za kale. Kazi yake ilikuwa kuziba nyufa za kuta za matumbawe na kupaka chokaa, na alikuwa na mdomo kuliko nyufa zote alizoziziba. Nilimwambia nataka kijibirika, kifike magotini, mama akikaa mlangoni kwake awaone samaki. Nilimwambia atie simenti, tumalize upesi.

Alinitazama kama niliyetukana ukoo.

"Simenti? Mwanangu, simenti ni ya watu wa haraka. Babu yako alijenga mabirika mji huu kwa chokaa, na watu wakaoga humo hata wakafa kwa uzee. Wataka nimtilie dadangu simenti?"

"Mjomba, mama hali."

"Ndiyo maana. Mtu hali simenti."

Sikuwa na nguvu za kubishana naye. Akaja na chokaa yake, aliyoipata kwa mtu wake wa ng'ambo ya kusini ambaye bado alikuwa akichoma mawe ya pwani. Alijenga taratibu, akiimba, akisimama kila mara kunywa kahawa na kulaani mafundi wa siku hizi. Alipopaka aliisugua ile chokaa kwa jiwe laini mpaka ikang'aa, na sitakataa, ilikuwa kazi nzuri. Mama aliisikia ile sauti ya kusugua. Siku ya mwisho niliona pazia la mlango wake limesogezwa kidogo.

Maji yalikuwa shughuli yangu. Kisima tulichokitegemea kilikuwa kwa jirani, kutoka mlango wa mbele mpaka kuzunguka kichochoro, maji yake ya chumvichumvi, ya kuogea na kufulia. Nilikuwa nikirudi kutoka Tudor, napika, nafua, kisha nashika ndoo. Wakati wa likizo ya Aprili nilidhani nitapumzika, nikaimaliza yote kwa ndoo. Viganja vyangu vilikuwa laini, vya chaki. Vikawa na malengelenge.

Samaki aliniletea mwalimu mwenzangu, mtu wa Kaloleni, Mkristo mpole aliyekuwa akikaa Buxton na kwenda kwao kila mwisho wa juma. Kwao kulikuwa na lambo la kunyweshea ng'ombe lenye perege. Aliwaleta wadogo, urefu wa kidole, ndani ya mtungi wa plastiki uliokatwa mdomo, na akasimama mlangoni kwa adabu maana alijua ndani mna mwenye eda. "Pole, mwalimu," aliniambia. "Mwambie mama wanapenda makombo." Ilikuwa Ijumaa, baada ya sala. Mjomba alikuwapo, kanzu bado mwilini, akawamimina yeye mwenyewe na kupiga bismillahi kwa sauti, kama anayezindua meli.

Mama alitoka mpaka kizingitini. Alikaa kwenye mkeka, akiwa na leso yake nyeupe, akawatizama samaki wakizunguka wakitafuta pembe ya kujificha. Magharibi ilipoingia akaomba chai, akachovya mkate wa mofa, akala nusu. Nusu mkate! Niliirudisha ile sahani jikoni kama niliyebeba dhahabu, nikalala nimechoka na nimefurahi, na nilidhani kazi imekwisha.

Asubuhi nilimkuta amesimama mbele ya birika. Samaki wote walikuwa juu ya maji, matumbo juu, macho yamefanya ukungu mweupe. Nikajiambia, basi, hapa ndipo nilipomuua mama yangu, nimemletea maiti nyingine uani.

Akageuka.

"Nani aliyetia samaki katika chokaa mbichi?"

Si kwa sauti ya mgonjwa. Ilikuwa sauti iliyokuwa ikituamsha kwenda chuoni kusoma Kurani tulipokuwa watoto, sauti iliyomfanya muuza mboga ashushe bei kabla hajaulizwa.

"Mama, mjomba alisema liko tayari."

"Niitie."

Mjomba alikuja kofia imekaa upande, akatazama birikani, akasema labda samaki wa bara hawapendi maji ya chumvi. Mama alimwacha amalize. Kisha akatia mkono majini, akasugua kidole kwa kidole.

"Tia mkono wako. Yateleza kama povu la sabuni. Onja." Mjomba akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema. "Yauma, hayaumi?"

"Yauma."

"Basi na samaki yamemuuma. Macho pia yamemuunguza. Weye fundi miaka yote hii, huyui chokaa mpya huuma?"

"Dada, baba alikuwa akimaliza kupaka twaondoka. Hapakuwa na zaidi."

Hapo ndipo mama alipocheka. Kicheko kibaya, cha hasira, lakini kicheko.

"Mwaondoka! Naam. Fundi akishapaka hupewa kahawa akenda zake. Na wanaobaki kujaza na kumwaga, kujaza na kumwaga, mpaka chokaa ikafa makali, ni kina nani? Ni sisi wake. Mamangu na mie tulilimwaga birika la kwetu mwezi na zaidi, mikono imechunika. Nyinyi mwayua kujenga. Kumwaga hamkuyuwi, kwa sababu hamjapata kuulizia."

Mjomba, mtu wa mdomo, aliupangusa mdomo huo kwa kiganja. Akavua kofia, akaitazama ndani kama jibu limo humo. Nilitaka kucheka pia, lakini nilikuwa nimeshapiga hesabu ya mwili wangu: kama ni kujaza na kumwaga mwezi na zaidi, na mama haruhusiwi kutoka kwenda kisimani, na mjomba ana kazi za watu Makadara, basi anayebaki alikuwa mimi.

Ikawa hivyo. Mama alinikalia mlangoni na kuniamuru. Jaza. Acha yalale. Mwaga. Sugua kwa makumbi ya nazi, uanze tena. Aliniambia nitafute migomba iliyokwisha kuzaa, maana ikioza majini hutuliza chokaa, nikaipata kwa mama mmoja nyuma ya shule yetu, karibu na mikoko. Wanafunzi waliniona mwalimu wao nikitembea nyuma ya mkokoteni uliobeba magogo ya mgomba, na Jumatatu yake darasa zima lilikuwa likikohoa kwa kuzuia kicheko. Tuliyakata tukayatia majini yakaoza, maji yakawa ya kahawia na harufu ikajaa mpaka ukumbini. Kisha akataka ukwaju. Chokaa hukimbia uchachu, alisema. Nikaukanda ukwaju wa kutosha kupika karamu, nikaumwaga birikani na roho inaniuma.

Na alikuwa anakula. Nadhani alianza kula ili apate nguvu za kunigombeza. Kwanza uji, kisha wali, kisha siku moja akanituma nimnunulie mihogo ya kukaanga, kisha akailalamikia pilipili yake. Wale wanawake wa ukumbini walianza kusifu: mashallah, mama amerudi. Walinisifu na mimi, mtoto mwenye radhi. Nilikuwa nikiitikia na kutafuta pahali pa kuegemea.

Nitasema kweli, nililichukia birika lile. Nilikuwa nikisimama mbele ya darasa nikiandika ubaoni na chaki ikinitonesha malengelenge. Nilikasirika na mjomba na chokaa yake ya babu. Nilikasirika na kaka yangu na simu zake, akiuliza mama anaendeleaje, akisema alhamdulillahi, akirudi kulala kwenye chumba chenye upepo wa mashine. Kuna alasiri nilipumzisha ndoo kichochoroni nikajikuta nimemkasirikia baba, waziwazi, kama mtu aliyetoka kwenda kununua gazeti akaniachia nyumba nzima. Nikasubiri machozi. Hayakuja. Jirani alikuwa akingoja kamba ya kisima, nikaishika ndoo nikaenda.

Masika yalichelewa, kisha yakaja yote kwa pamoja. Mama alinifanya niegemeze bati kutoka kwenye paa mpaka birikani, na kwa juma zima maji ya mvua yaliingia na kufurika, yakaondoka na ukahawia na utelezi wote. Siku mvua ilipokatika alitia mkono, akasugua vidole, akaonja, akaonja tena. "Haya," akasema. Na mimi nilikaa chini palepale kwenye mawe mabichi.

Mwalimu mwenzangu akaleta samaki wengine. Safari hii mjomba hakuruhusiwa hata kulishika mtungi. Mama alitaka kwanza watiwe wawili tu, wakeshe, na kulipokucha wakiwa wazima ndipo akaniruhusu kuwamimina wenzao. Wakaishi. Wakakua, wakawa na mistari ubavuni, wakamjua. Akitoka asubuhi na makombo ya mkate wanakuja upande wake wote, vinywa wazi, na yeye husema nao kwa sauti ya chini, maneno ambayo sikujaribu kuyasikia. Maji ya mvua yalipopungua tukarudi kwenye ya kisima, kidogokidogo, kupunguza machafu na kujaliza. Kila alasiri. Nilishazoea. Mwili ulikuwa unakwenda wenyewe kama punda anayejua njia ya nyumbani.

Eda ikaisha wakati wa baridi ya Julai. Wanawake walikuja na mapema wakamwosha mama, wakamvisha nguo mpya, wakamfukiza udi mpaka nyumba nzima ikanukia kama siku ya arusi. Palipikwa, palisomwa, palichekwa. Mimi nilikuwa jikoni kutwa, kati ya moshi na masufuria, na kila aliyeingia alinipa pole na sahani chafu. Mama alipitapita kati yao, mwembamba bado lakini amesimama wima, na yule aliyetabiri atamfuata mumewe alikuwa wa kwanza kumkumbatia.

Walipoondoka, alasiri, nyumba ikatulia. Wageni walikuwa wamemwachia mama mialiko: dada yake wa Makupa alimngoja kwa chakula cha usiku, maana mjane akitoka eda huanza kwa kuwazuru jamaa. Buibui lake jipya lilikuwa limetandazwa kitandani. Mimi nikashika ndoo. Maji yalikuwa yamepungua na samaki hawajui leo ni siku gani.

Nilikuwa nimefika ukumbini mama aliponikamata mkono.

"Wenda wapi?"

"Kisimani."

"Nipe hiyo."

"Mama, leo ni siku yako. Wakungoja Makupa."

"Wangoje." Alikuwa ameshavaa buibui, na udi ukimtoka mwilini. Akaushika mshikio wa ndoo, na mimi sikuuachia, tukawa tumesimama pale tunavutana kama watoto wa kisimani. "Mie nimekaa. Miezi yote hii nimekaa, nimemlilia mume wangu mpaka nimeshiba. Weye hujamlilia babako. Nimekutizama. Kila siku nilikuwa nikikutizama pale mlangoni, nangojea uangushe ndoo ukae kitako, na weye wamwaga maji tu."

"Wewe ndiye uliyekuwa ukiniambia nimwage."

"Nalikwambia. Nalikuwa sina lingine la kukupa ufanye." Sauti yake ilipungua. "Mwanamke kafiwa na mumewe, watu wamfungia mlango apumzike. Mtoto kafiwa na babake, wamwambia shika ndoo. Hilo si haki, mwanangu. Niachia."

Nikaiachia. Hatua yake ya kwanza nje ya nyumba, baada ya miezi minne na siku kumi, ilikuwa kwenda kisimani na ndoo ya plastiki, kwa nguo mpya, jirani wote wakimtolea macho. Mimi nilirudi uani. Nilikaa kwenye ukingo wa birika kwa mara ya kwanza bila ya kushika kitu. Samaki walikuja wakidhani mimi ni yeye. Nilikumbuka jinsi baba alivyokuwa akisafisha koo kabla ya kuingia ndani, ili tujue ni yeye, kila siku, katika nyumba yake mwenyewe, na hapo kilio kikaja chote, kwa kelele, kwa makamasi, bila ya haya.

Nilisikia mlango. Mama aliingia na ndoo, akamimina taratibu asiwashtue samaki, akatoka tena. Akarudi. Akatoka. Hakunishika wala hakuniambia nyamaza. Nilikuwa na aibu kumwona mama yangu, mtu mzima, mifupa mitupu, akibeba maji mbele yangu, na kila aliporudi nilijipangusa uso kwa leso na kutaka kuinuka nimpokee.

"Bado," akasema, akamimina, akaenda kuteka tena.